Feni ya Mignonne

Mume wangu Dady alikufa shimoni, upande wa Musonoi, siku ya mvua kubwa. Kilio chake hakikuwa kimemalizika na tayari watu walikuwa wameamua ni nani aliyemuua. Walisema ni dada yake mwenyewe, Mignonne, na ile feni aliyoitengeneza chuoni.

Mignonne ndiye mtoto wa mwisho kwao. Alikuwa anamaliza uhandisi katika chuo kimoja cha hapa Kolwezi, na walimu walikuwa wamewaambia wanafunzi kwamba kazi ya mwisho isiwe ya kunakili vitabu. Kila mmoja atafute shida ya watu wa mji na aifanyie kitu. Mwenzake mmoja alitengeneza chujio la maji ya kisima. Mwingine alifinyanga matofali kwa mchanga unaotupwa na viwanda. Mignonne alichagua hewa, kwa sababu kaka yake alikuwa mchimbaji, na kila alipotutembelea alimkuta amelala na kitambaa chenye maji kichwani.

"Chini kule hewa inachoka," Dady alimwambia. "Unapiga sururu kidogo tu, unasikia kama mutu anakukalia ku kifua."

Basi akatengeneza feni. Ilikuwa sanduku la mbao lenye feni ya gari kuukuu ndani yake, waya wa kuiunganisha na jenereta ndogo ya petroli, na bomba la plastiki la kupeleka hewa mpaka chini. Aliijaribu katika uwanja wa chuo. Dady alikwenda kuangalia, akarudi anacheka, akaniambia mdogo wake amepuliza hewa kwenye bomba refu kuliko kanisa.

Lakini Mignonne hakuweza kuipeleka shimoni mwenyewe. Huko mwanamke hakaribii mdomo wa shimo. Wachimbaji wanasema akifika pale madini yanakimbia, na hata wanaokwenda misa kila Jumapili wanaamini hivyo. Sisi wanawake tunaishia barabarani, tunapouza chakula, na kutoka hapo tunaona tu maturubai ya rangi ya chungwa yaliyofunika mashimo. Kwa hiyo Mignonne alimwelekeza Dady kwa maneno na michoro. Alimwuliza maswali mengi. Kuna nafasi? Jenereta inaweza kukaa nje, penye upepo? Waya unatosha?

"Iko bien, mudogo," Dady alijibu kila mara. "Yote iko muzuri."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Sikuwahi kumsikia akimwambia mtu kwamba kitu hakiwezekani.

Feni ilifanya kazi vizuri. Wachimbaji wa shimo lile walianza kumwita Dady "Ministre wa Hewa," yaani waziri. Alirudi nyumbani bila maumivu ya kichwa, akala, akacheza na watoto. Kisha mvua kubwa ikanyesha. Yeye na rafiki yake Stany walikuwa chini. Wenzao walipoona kamba haitikiswi tena, waliteremka kuwavuta. Stany alitoka akiwa amezimia, akazinduka juu. Dady hakuzinduka.

*

Kwa watu wa mume wangu, waliotoka Lubudi, mjane hukaa kwenye mkeka na hasemi kwa sauti. Haondoki nyumbani mpaka shangazi za marehemu wamwoshe. Kabla ya hapo hakuna mtu anayemgusa, kwa sababu wanasema kifo bado kinamshika. Hata sahani yangu waliiweka chini, wakaisukuma kidogo kwa ncha ya kidole. Watoto wangu walilala kwa jirani. Mimi nilikaa pale nimejifunika kitambaa cheusi, nasikiliza.

Nilisikia mengi. Wanawake waliokuwa wakipika uani hawakupunguza sauti.

"Masomo mingi, njo hivi inaletaka."

"Angeolewa tu, Dady angekuwa muzima."

"Mwanamuke anatia mukono mu kitu ya shimo! Shimo ilikataa."

Mignonne alikuwa palepale, akiosha masufuria. Hakuna aliyemfukuza, ila hakuna aliyekaa karibu naye. Mama yake, Mama Mwadi, mkwe wangu, alimpita kama anavyopita ukuta.

Siku hiyo mchana alikuja Tshibangu, mkuu wa shimo, yule wachimbaji wanayemwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu. Alivaa viatu vyeupe, akavivua mlangoni kwa heshima. Alimsalimia Mama Mwadi kwa mikono miwili, akalia kidogo, na nadhani alilia kweli, kwa kuwa alimpenda Dady. Halafu akaketi kati ya wanaume.

"Mama, tulishasafisha shimo," alisema. "Tulichinja kuku mweupe, munganga alinyunyiza dawa. Lundi, ile Jumatatu inakuya, batu bataingia tena."

"Na ile mashini?" mjomba mmoja akauliza.

"Mashini ni mashini tu, tata. Ile roho mubaya ilikuwa ndani yake, tulishaifukuza. Tutaiwasha. Bila hewa kule chini hakuna mutu atakubali kuingia."

Sufuria ilianguka uani. Mignonne alikuwa amesimama mlangoni, mikono yake ina povu.

"Tata Tshibangu, baba, tafazali," alisema. "Musiiwashe. Hatujue bado ni nini ilimuua."

"Weye hujue. Siye tunajua."

"Muniache nifike pale nione. Mara moja tu."

Wanaume walicheka, cheko fupi la hasira. Tshibangu hakucheka. Alimwangalia kwa huruma kama mtu anavyomwangalia mgonjwa.

"Mutoto," alisema, "mashini yako ilifika bila weye, na tayari tunazika. Ukifika na miguu yako, tutazika wangapi?"

Mama Mwadi akasema neno moja tu, bila kugeuka. "Toka."

Mignonne akatoka.

*

Alirudi jioni, watu wengi walipokwenda kuoga. Alichuchumaa ukingoni mwa mkeka wangu, mbali kidogo, akaongea kwa haraka, akiniita yaya, dada mkubwa.

"Yaya Honorine, nilienda kuona profesa. Nilimwambia nataka kuandika yote mu kazi yangu, na kifo ya Dady. Anasema hapana. Anasema kitu sikuona na macho, nisiandike, nitakuwa naandika uvumi. Niandike tu kama essai, lile jaribio, ilisimama." Alifuta pua kwa mkono. "Na ana haki. Mi sikuona kitu. Nilitengeneza mashini ya mahali sijawahi kuona."

Sikumjibu. Sikuruhusiwa.

"Banasema mi njo nilimuua. Pengine ni kweli. Sijue, yaya. Lakini Lundi Stany ataingia, na benzake. Kama ni mashini, itafanya tena. Mvua haijaisha."

Nilimfikiria Dady, lakini sitaki kuandika nilichofikiria. Kisha nikamfikiria Stany, ambaye mke wake ni mjamzito, na ambaye alikuja kilioni akakaa kwenye kona bila kuweza kuniangalia. Na nikawaza kitu ambacho hakuna mtu aliyekiwaza, kwa sababu watu walikuwa wameshaniweka upande mmoja pamoja na maiti. Wachimbaji wangemzuia Mignonne kwa kumshika mkono na kumrudisha barabarani. Mimi hakuna ambaye angethubutu kunishika.

Nilifungua mdomo. Sauti yangu ilikuwa kavu.

"Kesho asubuhi," nilisema, "utatembea nyuma yangu."

Alinikodolea macho. "Yaya, hawajakuosha."

"Njo sababu."

*

Tuliondoka Mama Mwadi na jamaa walipokuwa kanisani kwenye misa ya marehemu. Hakuna taksi ya pikipiki iliyotaka kunibeba. Wa kwanza alisimama, akaona kitambaa changu na miguu yangu isiyo na viatu, akawasha pikipiki yake na kuondoka bila neno. Tulitembea.

Kwenye barabara ya kwenda mashimoni, wanawake wenzangu wanaouza mihogo na samaki wa kukaanga waliniona wakanyamaza. Mmoja alianza kusema "Honorine, unaenda wap—" akajishika mdomo. Nilivuka mstari wa mawe ambao sisi wanawake hatuvuki. Nyuma yangu nilisikia pumzi ya Mignonne.

Vijana wawili waliokuwa wanasafisha madini wakatukimbilia wakipiga kelele.

"Mama! Mama, simameni! Hapa bamama hapana!"

Nilijifunua uso na kuendelea kutembea. Walipoona ni nani, walisimama kama waliofika ukingoni mwa mto. Mmoja alirudi kinyumenyume mpaka akakaa juu ya gunia.

"Ni mujane ya Dady," alisema. "Hajaoshwa. Usimuguse, we! Usimuguse!"

Wanaume walitoka chini ya maturubai, wakaita wengine, wakajaa. Lakini kila niliposogea walifungua njia. Nilikuwa sijawahi kuogopwa maishani mwangu. Haikunipa furaha. Nilitamani mmoja wao anishike bega aniambie pole.

Tshibangu alikuja mbio, amevaa kandambili za plastiki, viatu vyake vyeupe havipo.

"Mama Honorine, unatufanyia nini? Unataka kutuua?"

"Tata Tshibangu," nilisema, "kama nataka kuwaua, ningekaa ku mukeka, niache Lundi ifike."

Hakuthubutu kunisukuma. Stany alikuwa amefika. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Acha baone, Patron," alimwambia mkuu wake. "Mi njo nilikuwa chini. Mi njo ninasema baone."

Basi tukafika. Mdomo wa shimo ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, mpana wa kutosha mtu mmoja kupita. Juu yake palikuwa na turubai lililofungwa kwenye miti. Sanduku la feni lilikuwa chini ya turubai, na jenereta ilikuwa chini ya turubai lile lile, hatua chache kutoka kwenye feni. Mignonne aliushika waya, akauvuta mpaka ukanyooka. Haukufika nje ya kivuli cha turubai.

"Nilisema jenereta ikae nje," alisema taratibu. "Ku upepo."

"Waya inaisha hapa," Stany akasema. "Dady alivuta, ilikataa. Lakini iko upepo hapa pia, si unaona? Pembeni kuko wazi."

Kweli pembeni palikuwa wazi. Turubai lilikunjwa juu pande zote, na upepo ulipita. Mignonne aliangalia kamba zilizoning'inia kwenye pembe, kisha vigingi vilivyokuwa ardhini.

"Hizi kamba ni za nini?"

Wachimbaji waliangaliana kana kwamba ameuliza maji ni ya nini.

"Za mvua," mmoja alisema. "Mvua ikikuya tunashusha bâche mpaka chini, tunafunga. Bila vile maji yote inaingia mu shimo, batu banazama."

"Na ile siku mulifunga?"

"Sana! Ile mvua ilikuwa ya kichaa."

Nilimwona Mignonne akiweka kiganja chake juu ya sanduku la mbao, pale feni inapovuta hewa.  Kisha aliongea na Stany peke yake.

"Vuta bomba, itoke ku shimo. Peleka mudomo yake nje, kule. Halafu mufunge bâche kama ile siku, na muwashe groupe, ile jenereta."

Tshibangu alipinga, lakini kijana mmoja alikuwa tayari anavuta bomba. Walishusha turubai wakalifunga kwenye vigingi. Jenereta ikanguruma ndani kama mnyama aliyefungwa. Ncha ya bomba ililala nje kwenye udongo mwekundu, ikipuliza vumbi, na wanaume wakaizunguka. Tulisubiri. 

"Stany," Mignonne akasema. "Nusa."

Stany alipiga magoti, akaweka uso mbele ya bomba, akavuta pumzi. Aligeuza kichwa upesi akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Njo hii," alisema. "Mungu wangu. Njo hii nilikunywa. Chini kila kitu inanuka petroli, nguo, mikono, sikujua ni hewa yenyewe." Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Yaya, mashini ilikuwa inatuletea moshi. Tulikuwa tunasema ahsante, Dady alikuwa anaimba, na ilikuwa moshi."

Wachimbaji walinusa mmoja baada ya mwingine. Mmoja alitema mate. Mwingine alivua kofia. Mignonne alifungua turubai, Stany akimsaidia kwa fundo lililomshinda, kisha akaizima jenereta mwenyewe.

"Ni kosa yangu," alisema, na alisema mbele ya wote. "Nilijua bâche. Kila siku naiona toka barabarani. Nilifikiri inakaa juu tu, kama ya soko. Sikujua inafungwaka mpaka chini. Nilikata waya ya mahali penye sikujua."

Nilingoja mtu amtukane. Labda wangefanya hivyo kama Tshibangu hangesema kwanza.

"Sawa," alisema. "Sasa tunajua. Mashini itoke. Lundi bataingia bila mashini, kama zamani."

"Bila hewa?" Stany akauliza.

"Baba zako baliingiaka na feni?"

"Baba yangu alikuwa mulimaji, Patron."

Watu walicheka, na hicho kicheko ndicho kilichomkasirisha Tshibangu kuliko yote. Alisema kwamba mwanamke ameshafika kwenye mdomo wa shimo, tena wawili, tena mmoja ana kifo mwilini, na kwamba madini yatakuwa yameshafika Zambia. Asiyetaka kuingia aondoke. Stany alichukua sanduku begani. Wenzake wachache wakachukua bomba na jenereta. Wengine walibaki wakiangalia chini, kwa sababu wana watoto.

*

Niliporudi, Mama Mwadi alikuwa amesimama kwenye mlango. Mkeka ulikuwa umekunjwa.

Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani kujua kungempunguzia mzigo, kwamba mtoto wake hakuuawa na roho wala na laana. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo ni waya?"

"Ndiyo, mama."

"Waya fupi."

Akaingia ndani. Shangazi waliokuja kutoka Lubudi kuniosha walifunga vitu vyao siku iliyofuata. Walisema mjane aliyetoka kwenye mkeka mwenyewe, ajioshe mwenyewe. Hawakunitukana. Mpaka leo ninapoandika, hakuna aliyekuja kuniosha, na kwenye benchi la kanisa watu wananiachia nafasi kubwa. Pale watoto wangu ndio peke yao wanaokaa karibu nami.

Mignonne alihamia kwangu, kwa sababu hakuwa na mahali pengine. Alianza upya. Hakutaka tena jenereta. Alitumia mnyororo na pedali za baiskeli, feni izungushwe na mtu aliyekaa juu, bila moshi wowote. Uani kwangu alifunga turubai mpaka chini, akaniweka ndani nizungushe pedali huku yeye ananusa bomba nje. Stany alikuja kila alipoweza. Alimchorea mdomo wa shimo jipya walilopata yeye na wenzake, akampimia kwa kamba, na Mignonne alipouliza kitu na Stany akajibu "iko bien," Mignonne aliweka kalamu chini.

"Usiniambie hivyo," alisema. "Niambie penye ni mubaya."

Stany aliona haya. Kisha akamwambia, na palikuwa pengi.

Mignonne alipotetea kazi yake chuoni nilikwenda, nikakaa nyuma. Alionyesha michoro ya mashine ya kwanza na akasema wazi kwamba ilimuua mtu, akalitaja jina lake lote, Dady Kyungu. Profesa wake aliinamisha kichwa, lakini hakumkatiza. Mwalimu mwingine, mzee mwenye miwani, akauliza kwa nini mtafiti hakukagua mahali kabla ya jaribio, jambo ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua.

"Hawaniruhusu kufika, Profesa," Mignonne alijibu. "Nilijua hawaniruhusu, na nikatengeneza hata hivyo. Nilipaswa kukataa mpaka nione."

Walimpa alama za kupita, si zaidi. Alikubali.

Siku Stany na wenzake waliposhuka na feni ya pedali kwa mara ya kwanza, mvua ilinyesha. Mignonne na mimi tulisimama barabarani, upande wa wanawake, na maji yakatuingia shingoni. Kwa mbali niliona turubai likishushwa mpaka chini na kufungwa. Ndani yake mtu alikuwa anakanyaga pedali, hatukumwona.  Mignonne alikuwa ameshika midomo yake kwa vidole, kama mtoto aliyekatazwa kuongea. Wanawake walituletea chai, wakaiweka karibu yangu kwenye jiwe. Hatukuinywa.

Mvua ilipopungua, pembe moja ya turubai ikafunguliwa, na Stany akatoka, mwekundu kwa udongo kutoka kichwani hadi miguuni. Alikuja mbio mpaka mstari wa mawe.

"Mignonne!" alipiga kelele. "Chini kuko baridi! Mara ingine utie chauffage ya kupasha moto!"

Mignonne alicheka, akaketi palepale kwenye matope akicheka na kulia, na wanawake wakacheka naye. Baada ya Stany akatoka mwingine, kisha mwingine, wakinyoosha migongo, wakiomba maji, wakitukanana kwa furaha. Wa mwisho alifunga kamba na kubeba sururu lake.

Wote walikuwa wametoka. Mignonne alinishika mkono tuondoke, nami nilikuwa bado naangalia turubai, kana kwamba kuna mmoja bado hajatoka.